Mumiani wa Mabondo

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Mimi ndiye mtu pekee hapa Murangi aliyekutana na mumiani wa aina zote saba na akarudi nyumbani na damu yake yote. Hivyo ndivyo nilivyowaambia leo barazani kwa mashine ya kusaga. Uongo mtupu. Sijakutana hata na mmoja. Hizo aina nilikuwa nazitunga pale pale, ndiyo maana nilipofika ya tano nikakohoa muda mrefu, nipate nafasi ya kufikiri.

Dizeli hakuna tena. Wanawake wamepanga mahindi yao foleni, wenyewe wamekaa kivulini. Mimi na wavu wangu mbovu na sindano yangu ya mti. Mtu anayesubiri unga atasikiliza chochote.

Wa kwanza, mumiani wa gari. Wa zamani huyo, wa wakati wa Mwingereza. Havui miwani hata usiku. Wa pili, wa shimo. Anakukaribisha kiti, unakaa, kiti kinazama na wewe. Wa tatu ni wa ziwani. Hahitaji pumzi. Anashika mtumbwi kwa chini, ncha za vidole vyake nyeupe kama tumbo la sangara. Wa nne, wa sindano. Koti jeupe, maneno matamu, mkono baridi. Wa tano, hapo ndipo nilipokohoa, ni mwanagenzi. Bado anajifunza kazi. Anaanziaga kwa mbuzi na mara nyingi anatapika. Walimcheka sana huyo. Wa sita sikumbuki nilisemaje. Wa saba sikumfikia, dumu la dizeli likaletwa kwa baiskeli na mashine ikaanza kelele.

Siku nzuri.

Jumatano, 5 Agosti

Mpangaji wetu. Zuhura, mtu wa Mwanza, amechukua chumba cha uani. Kazi yake kununua mabondo. Hata nikiandika nacheka. Bondo ni ule mfuko wa upepo tumboni mwa sangara. Tangu sangara wajae humu ziwani sisi tulikuwaga tunawatupia mbwa. Huyu mama anayabadilisha na sabuni ya mche na chumvi. Anayaanika juu ya bati letu. Yakikauka yanakuwa ya njano, ukiinua moja juani unaona mwanga upande wa pili. Ijumaa gari dogo linakuja kubeba magunia. Anasema yanakwenda kwa Wachina, wanayapika supu.

Hivi sasa kila mtu anafanya biashara. Zamani kununua hata kiberiti ilikuwa siri, leo wananunua matumbo ya samaki mchana kweupe.

Nilimuuliza kama hao Wachina wameishiwa nyama. Akanijibu, "Babu, mbona wewe umeishiwa meno na bado unatafuna watu?" Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimeudhika. Katika nyumba hii mchekeshaji ni mimi.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimelipa kisasi.

Barazani walinikumbusha kwamba wa saba bado. Nikasema wa saba ndiye mbaya kuliko wote. Mumiani jike. Huyu haji na gari la kutisha wala sindano. Anakuja na upole. Ananunua vitu visivyo na kazi na analipa vizuri. Nikawauliza, damu mtu unaibebea kwenye nini? Chupa inavunjika. Debe linashika kutu. Lakini bondo la sangara halivuji. Unalijaza, unalifunga mdomo kwa uzi, linafika Mwanza damu bado ya moto.

Safari hii hawakucheka mara moja. Walitazamana kwanza, kicheko kikaja baadaye, kidogo. Fundi mashine alisema, "Mzee Majura, wewe utatuua." Mafuru hakucheka kabisa. Mvuvi hodari yule, na mtu wa heshima, ila neno likiingia kichwani mwake linajenga nyumba.

Nilirudi nyumbani nimejaa sifa.

Jumamosi, 8 Agosti

Kanisani. Sisi Wasabato, Jumamosi ndiyo siku yetu. Nimelala wakati wa mahubiri, mke wangu akanifinya.

Wasichana waliokuwa wanamchotea Zuhura maji ziwani hawajaja leo wala jana. Ameteka mwenyewe. Amepita mbele yangu na ndoo kichwani, akasema shikamoo babu, akaingia ndani. Sikumtania. Sijui kwa nini.

Kesho Butiama. Shemeji amefariki.

Jumatatu, 10 Agosti. Butiama

Msibani. Watu wengi, chakula kidogo, na ni kweli shemeji mwenyewe alikuwa mchoyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Tukiwa tumekaa na wanaume wenzangu, jamaa mmoja kutoka Bunda, simjui hanijui, akaanza kutuhadithia. Eti huko Murangi kuna mwanamke ana chumba kizima cha mabondo ya damu. Yananing'inia darini. Ukisikiliza yanapumua. Na mwenye nyumba ni kizee fulani, amelishwa dawa, hajijui. Nikamuuliza huyo mzee anaitwa nani. Akasema jina halijui, ila damu ya yule mzee ilikwisha siku nyingi, sasa hivi anatembea kwa mazoea tu.

Hadithi nimeiacha nyumbani mtoto mchanga, nimeikuta Butiama imeota ndevu.

Wenzangu waliitikia kwa vichwa. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nimefikiria wale waliokuwaga wanatufundisha siasa. Walituchorea mnyonyaji ubaoni, tumbo kubwa, kofia, mrija mdomoni. Tukapiga makofi. Leo wenyewe wana vibasi vyao Bunda na Musoma, matumbo yale yale, hakuna anayewachora. Ni rahisi kumwogopa mwanamke mwenye magunia.

Jumatano, 12 Agosti

Nimerudi. Lori la pamba mpaka Bunda, lingine mpaka Suguti, kisha miguu.

Mambo yameharibika. Hakuna anayemuuzia Zuhura. Sabuni hawana, na bado wanawatupia mbwa mabondo. Jana watu walirusha mawe juu ya bati. Mke wangu ameniwekea chakula bila kunitazama. Neno lake lilikuwa moja: "Umefurahi?"

Nilimkuta Zuhura anaokota mabondo yaliyoanguka uani. Nikamwambia maneno yale ni yangu mimi. Akasema, "Najua, babu. Nani mwingine hapa ana akili ya kutunga vile?" Akaendelea kuokota.

Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi.

Ijumaa gari likija anaondoka moja kwa moja.

Alhamisi, 13 Agosti

Mtoto wa Mafuru anaumwa. Nyangeta, kale kadogo kanakotembea kamebeba kijiko. Homa ilimshika nilipokuwa Butiama. Leo wazazi walimpeleka zahanati. Mganga akamfunua macho, akamtazama viganja, akawaambia: huyu mtoto hana damu. Apelekwe Musoma hospitali bila kuchelewa, akaongezwe, na ndugu waende kutoa.

Hana damu. Katika maneno yote ambayo mganga angeweza kusema wiki hii.

Sasa kijiji kizima kinajua damu ya mtoto imekwenda wapi. Iko juu ya bati langu.

Mafuru hakwenda Musoma. Amemrudisha mtoto nyumbani. Ana sababu mbili na zote zimetoka mdomoni mwangu. Ya kwanza, hospitali kuna mumiani wa sindano, atamaliza hata kile kidogo kilichobaki. Ya pili, damu irudishwe na aliyeichukua. Jioni alikuja uani na wanaume wawili. Alinisalimia vizuri, akamsalimia na mke wangu. Akamwambia Zuhura anampa mpaka kesho gari litakapokuja: aseme bondo la mtoto ni lipi, arudishe. Hakupaza sauti hata mara moja. Hiyo adabu ndiyo iliyonitisha.

Mganga amesema mtoto hana siku nyingi.

Naogopa. Sina mzaha wa kuweka hapa.

Ijumaa, 14 Agosti

Asubuhi nimekwenda kwa Mafuru. Nikamwambia ukweli wote. Hakuna aina saba. Hakuna hata aina moja. Nilitunga nikisubiri dizeli. Bondo ni bondo. Mpeleke mtoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa huruma, "Mzee wangu, tunajua. Wamekulisha dawa. Si kosa lako."

Nimesema uongo tangu utotoni na nimeaminiwa. Leo nimesema kweli nikahurumiwa.

Nikaomba nimwone mtoto. Viganja vyeupe. Anahema haraka haraka kama kifaranga. Nzi alimtua mdomoni, hakumfukuza. Mafuru alikaa kitandani akamshika kichwa, akamwambia, "Mama, kunywa maji. Mama, kidogo tu." Anamwita mama kwa sababu amemrithisha jina la mama yake, kama tunavyofanya wote huku. Tangu kazaliwe hajawahi kukagombeza. Kakimpiga na kijiko anasema, "Ndivyo mama alivyokuwa akinipiga." Nyangeta wa kwanza nilimfahamu. Alikuwa mkali, Mungu amlaze pema, na mimi mwenyewe alishanifukuza na mwiko.

Hapo nikapata akili. Ukweli wangu hakuna anayeutaka. Kitu changu kimoja tu kinachoaminika kijiji hiki ni uongo. Basi.

Nikakaa chini, nikashusha sauti. Nikamwambia Mafuru, dawa nimelishwa kweli, ndiyo maana nilisahau sheria ya majina. Akainua kichwa. Sheria gani?

Nikamwambia mumiani, awe wa gari, wa shimo, wa sindano, hata jike, damu ya maiti hagusi. Kwake ni sumu. Na mtu aliyerithi jina la marehemu, huyo amekwisha kufa mara moja. Mumiani akimsogelea ananusa kaburi. Kwa hiyo Nyangeta hakunyonywa na mtu. Homa ndiyo imekula damu. Na damu yoyote inayokwenda kwa Nyangeta, kama anayeitoa anataja jina lake inapotoka mkononi, hakuna mumiani wa kuionja. Hata gari la mumiani likimbeba haliwezi kumpeleka pengine, litamfikisha anakokwenda tu.

Akauliza, "Hata yule wa sindano?"

"Huyo ndiye mwoga kuliko wote."

"Mbona hukusema mwanzo?"

"Mbona hukuuliza?"

Alinitazama sana. Sijawahi kutazamwa hivyo. Nilikaza uso kama hakimu. Nilipogeuka, mke wake alikuwa amekwisha mfunga mtoto mgongoni na kitenge na ameshika ndala zake mkononi. Sidhani yule mama aliamini hata neno. Alikuwa anasubiri mumewe apate njia ya kuinuka.

Gari la mabondo lilikuwa limefika, ni pikapu, na Zuhura alikuwa amepakia vyote, magunia na kitanda chake. Nikamweleza kwa maneno machache. Alipanda nyuma akaanza kuangusha magunia barabarani, moja moja, mpaka nafasi ikatosha. Dereva akalalamika. Akamwambia, "Wewe washa gari." Na mimi akaniambia, "Babu, hayo yatunze, yasiliwe na mbwa."

Mafuru na mdogo wake walisimama mbele ya lile gari. Watu walikuwa wamejaa. Kabla ya kupanda, Mafuru alitaja jina la mama yake, na la baba wa mama yake, kwa sauti kubwa, kama anamwitia mtu ng'ambo ya maji. Zuhura alinitazama. Mimi nikatazama ziwa.

Wameondoka.

Jumamosi, 15 Agosti

Hakuna habari.

Kanisani sikulala. Nimejaribu kuomba. Sina mazoea, Mungu na mimi tumezoea kutaniana. Nikamwambia tu leo sitanii.

Magunia nimeyaingiza chumbani. Yananuka mpaka kwenye blanketi. Watu wanapita wananiuliza kama yanapumua.

Jumapili, 16 Agosti

Hakuna habari. Nimeshona wavu, nimeufumua, nimeushona.

Mtoto akifa watamwendea Zuhura popote alipo. Mtoto akifa hakuna atakayemtolea wa kwake damu tena. Lakini siyo hayo. Mtoto akifa ni mimi niliyemuua.

Jumatatu, 17 Agosti

Yuko hai.

Dereva wa pikapu amepita kuchukua magunia. Walifika Musoma mchana ule ule. Damu ya mdogo wake Mafuru haikupatana na ya mtoto, ya Mafuru ikapatana. Alilazwa kitandani, sindano ilipoingia akaanza: Nyangeta, Nyangeta, Nyangeta, bila kupumzika, macho yamemtoka kwa yule nesi kuona kama atatetemeka. Nesi akamwambia, "Baba, kama unamwita mkeo yupo hapo mlangoni." Akaendelea. Wagonjwa wa wodi ya jirani walidhani amefiwa, wakaanza kumpa pole dirishani.

Mtoto usiku ule alinyonya kipande cha chungwa. Asubuhi alimpiga baba yake.

Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Mke wangu aliniona, akasema kitu kuhusu moshi. Hapakuwa na moshi. Mchana amenipa kichwa cha sangara, chote.

Alhamisi, 20 Agosti

Barazani. Dizeli ipo, ila sikuondoka.

Mtu wa Suguti amekuja kusaga, akatufundisha sheria ya majina. Yaani amenifundisha mimi. Anasema unapotolewa damu lazima utaje jina la marehemu upande wa mama, siyo baba, na lazima uvue viatu. Nikasema viatu siyo lazima. Akanijibu, "Mzee, usibishe mambo usiyoyajua." Fundi mashine alijificha nyuma ya mkanda wa mashine anacheka.

Lakini huyo mtu shemeji yake ametolewa damu Musoma juzi, kwa ajili ya mke aliyetoka kujifungua. Mwezi uliopita angekataa. Amevua viatu, ametaja jina, mke yuko hai. Sasa mimi niseme nini? Nikisema ni uongo wataacha kwenda. Nikinyamaza wanabeba ujinga wangu mpaka Bunda. Nimenyamaza. Ni mara ya kwanza nafanya hivyo barazani, wakaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 21 Agosti

Zuhura amekuja na gari, hakulala. Amepanga chumba Mwisenge, mjini Musoma. Wanawake walimkimbilia ufukweni na mabondo yao kama hakuna kilichotokea, sabuni ni sabuni. Wengine wanasema ni mumiani kweli, ila tangu gari lake libebe jina la marehemu, yeye amekuwa wa kufugwa. Nadhani amesikia. Alimwachia mke wangu mche mzima wa sabuni.

Kwangu alishusha kioo. "Shikamoo babu. Hujambo na meno yako?" Nikasema marahaba. Nilitaka kumwomba chumba akirudie. Sikuweza. Chumba kimefagiliwa, kiko kitupu, na hilo nitakaa nalo.

Jumapili, 23 Agosti

Ziwa limetulia. Upepo hakuna. Dagaa wameanikwa mpaka kwenye njia ya kwenda kwetu.

Mchana Mafuru alikuja amembeba Nyangeta begani. Alimweka chini uani. Amekonda, ana alama ya sindano na plasta chafu aliyokataa itolewe. Alisimama akafikiri. Akamfuata kuku wetu, akaanguka, akamwambia kuku maneno ambayo amejifunza wodini, siyaandiki. Mke wangu alimpa ndizi.

Mafuru na mimi tulikaa kwenye kigogo. Alisema sangara wamehamia maji ya kina. Nikasema hivyo ndivyo wanavyofanyaga. Mkono wake aliotolewa damu aliushikilia na mkono mwingine, kama mtu aliyebeba yai. Wakati wa kuondoka akasema, "Mzee wangu, nikufanyie nini?" Nikamjibu hakuna, nenda, mama yako amechoka na jua.

Nilisema vile kwa kuwa mtoto alikuwa ananitazama. Sasa nimekaa nimefikiri vizuri. Kitu kipo. Samaki sitaki, asante pia sitaki. Ila mgongo wangu umekataa kuinama tangu masika, na kucha zangu za miguu zimekuwa za kenge, mke wangu ameapa hazigusi. Kesho nitamtumia salamu. Mafuru, mwanangu, njoo na wembe mpya na beseni la maji ya moto, unikate kucha.